Aliwatoa Majini, Mafuriko Hayakuja: Kisa cha Maporomoko ya Sanje

Mgogoro wenyewe ni wa shilingi elfu thelathini kwa kila kichwa. Kundi la watu 19 lilitoka Dar es Salaam kwenda Udzungwa, mkoani Morogoro, kupanda hadi maporomoko ya Sanje na kuoga huko juu. Walipanda, wakafika, wakaingia majini. Haikufika hata robo saa, mwongozaji akawatoa wote na kuwaamuru waanze kushuka, akisema mto unapanda. Wakashuka wakinung'unika. Walipofika chini, jua lilikuwa linawaka juu ya mashamba ya miwa na hakuna tone la mvua lililokuwa likidondoka. Hakuna aliyesombwa, hakuna aliyevunjika, hakuna hata habari ya kusimulia. Wiki iliyofuata saba kati yao wakamwandikia mratibu wa safari wakidai sehemu ya fedha zao, kwa hoja kwamba walilipia kuoga kwenye maporomoko na hawakuoga.

Nilikuwa mmoja wa wale 19, na sikuwa kati ya waliodai. Mratibu aliniomba nikichambue kisa hiki kwa sababu na mimi huongoza makundi ya kupanda milima, na kwa sababu wakati amri inatolewa nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nafunga kamba za raba, kwa hiyo niliwaona walio majini na nilimwona mwongozaji pia. Baadaye nimezungumza naye, nimezungumza na mratibu, na watano kati ya wale saba. Majina nayaacha.

Swali lililoletwa kwangu lilikuwa jepesi: mwongozaji alikosea au hakukosea? Kadiri nilivyoulizia, niliona kuna makosa mawili matatu katika siku ile, ila si yale yanayolalamikiwa.

Mlima na mvua yake

Uamuzi wa mwongozaji hauhukumiki bila kupajua mahali. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ni hifadhi ya miguu: hakuna barabara ya gari inayoingia ndani ya msitu. Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara unapita Kidatu, penye kituo cha umeme wa maji cha megawati 204, na kuanzia hapo mlima unakuwa mkono wako wa kulia muda wote, miwa ikifika karibu na miguu yake. Kijiji cha Sanje kinatangulia, kisha Mang'ula yaliko makao makuu ya hifadhi.

Upande huu wa mashariki, msitu huanzia kwenye mwinuko wa mita kama 250 na kupanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Sehemu za namna hiyo ni chache mno Afrika. Kilele kirefu cha safu yote, Luhomero, kina mita 2,576. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unavuka tambarare, unagonga ukuta huu, unalazimika kupanda, unapoa na kumwaga maji. Ndiyo maana miteremko ya mashariki hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka na wakati mwingine kuzidi, huku ng'ambo ya pili ya milima hiyo hiyo kukiwa kukavu. Na mvua hiyo ina tabia: asubuhi anga linaweza kuwa jeupe kabisa, ikifika saa saba au saa nane mchana wingu limekaa kileleni, na linanyesha huko huko. Wewe uliye chini huoni kitu. Unaona miti.

Mto Sanje unatoka katika msitu wa Mwanihana, juu ya maporomoko. Eneo linalokusanya maji yake lote liko nyuma ya mgongo wa mlima, nje ya macho ya mtu aliyesimama chini ya maporomoko. Maporomoko yenyewe hushuka kwa hatua, urefu wake ukitajwa kuwa mita 170 hivi, na mgeni hupenda zaidi madimbwi ya kando ambako maji ni baridi na mawe ni laini ya kukalia. Sanje ni mahali pazuri, sitaki mtu asome kisa hiki akaahirisha safari. Ukiwa juu, bonde la Kilombero lote linakuwa mbele yako.

Msitu huu una kisa kingine kidogo kinachonisaidia kueleza jambo. Mwaka 1979 watafiti walisikia huko Mwanihana mlio wa nyani wasioufahamu. Wenyeji waliwaambia bila kusita kuwa huyo ni ng'olaga. Sayansi ikaandika kwamba imegundua spishi mpya, na leo mnyama huyo anajulikana duniani kwa jina la kijiji cha Sanje, lakini watu wa kijiji walikuwa wakimjua kwa sauti yake miaka yote. Mwongozaji wetu ni mzaliwa wa huko. Anapokwambia mto umebadilika sauti, mzigo wa kuthibitisha kinyume uko kwako.

Jumamosi yenyewe

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, vuli imeanza. Tulilala Mang'ula, na ratiba iliyotumwa kwenye simu za watu wote ilisema: kuanza kupanda saa mbili kamili asubuhi. Tulianza saa tano kasoro. Sababu zake ni zile zile za kila kundi la mjini. Chapati zilichelewa, wawili walikuwa hawajatuma fedha za kiingilio, mmoja alikuja na kandambili ikabidi atafutiwe raba, na walikuwepo waliotaka kupiga picha kwenye kila kibao. Mwongozaji alikuwa amechuchumaa kando ya basi letu la Kosta tangu saa moja na nusu. Hakusema neno. Hilo nalo nitalirudia.

Kupanda kulituchukua karibu saa tatu, kwa sababu kundi la watu 19 hutembea kwa mwendo wa yule wa mwisho. Njia ni ya mizizi na udongo wa utelezi, na siafu walikuwa wamekatiza sehemu mbili, basi kila mtu anaruka na kujikung'uta na kucheka. Tulifika kwenye dimbwi saa nane kasoro robo mchana. Kwa ratiba ya asili, saa hiyo tungekuwa tumeshashuka na tunakula wali kijijini.

Nilichokiona mwongozaji akifanya mara tu tulipofika ni hiki. Watu walipokuwa wanavua viatu, yeye alishuka ukingoni, akavunja kijiti chenye urefu wa kiganja, akakichomeka kwenye mchanga kati ya mawe mawili, pale maji yalipoishia. Nilidhani anacheza. Kisha akapanda juu ya mwamba, akakaa akiangalia mto unakotoka, si watu.

Wengi waliingia kwenye dimbwi. Watano walivuka mto kwa kukanyaga mawe, wakaenda kukaa kwenye mwamba mpana ng'ambo, kwa kuwa picha za kule zinapendeza zaidi. Kati ya hao watano alikuwemo mama mmoja mwenye umri wa miaka 58, mkakamavu kuliko vijana wengi tuliokuwa nao. Wakati wanavuka maji yaliwafika chini kidogo ya nusu ya muundi.

Dakika kama kumi zikapita. Mwongozaji alishuka tena ukingoni, na mimi kwa udadisi nikatazama. Kijiti kilikuwa kimesimama ndani ya maji. Kilichozama ni urefu wa vidole viwili hivi, si zaidi. Halafu akaninyooshea kidole kwenye mkondo: majani yalikuwa yanashuka. Mtu asiyejua angesema, msituni majani si ya kushangaza. Lakini haya yalikuwa mabichi, yamechanika, na vijiti vyenye gome jipya, na kati yake povu la rangi ya chai. Majani makavu huanguka yenyewe na kuelea kila siku. Mabichi yamepigwa na kitu huko juu. Rangi ya maji ilikuwa bado karibu ile ile.

Akapiga mluzi mara mbili. "Ndugu zangu, tunatoka. Wote, sasa hivi. Walioko ng'ambo waanze."

Waliokuwa ndani ya dimbwi walicheka. Kijana mmoja akamjibu, "Bosi, dakika kumi tu, hata picha hatujapiga." Akamwambia, "Kaka, picha utapigia njiani. Toka." Wa ng'ambo ndio waliokuwa wagumu, kwa sababu kelele ya maporomoko iliwafanya wasisikie, na waliposikia hawakuona sababu. Akavuka kuwafuata. Yule mama alikuwa anavaa soksi taratibu, na mwongozaji akamwambia kwa sauti ya juu, mbele ya watu, "Wewe mama, nyanyuka!" Akamshika mkono, akamvusha. Wakati huo maji yalikuwa yanawafika magotini.

Tukashuka. Njiani mvua nyepesi ilitunyeshea kwa muda mfupi, ikakata. Tulipofika chini ilikuwa saa kumi na nusu na jua linawaka.

Wanachodai

Hoja za wale saba zinaingia katika mafungu matatu, na si zote za kipuuzi.

La kwanza ni la mkataba. Tangazo la safari liliandika kwa herufi kubwa "kuoga chini ya maporomoko", bei ikatajwa chini yake. Mtu aliyelipa, akasafiri kutoka Dar es Salaam, akapanda saa tatu, kisha akaoga dakika kumi, anaona ameuziwa kitu ambacho hakupewa. Hilo naliheshimu.

La pili ni la ushahidi. Mvua haikuja, mafuriko hayakuja, kwa hiyo hapakuwa na hatari, kwa hiyo mwongozaji alikurupuka. Mmoja wao aliongeza kwa ukali kwamba waongozaji wana tabia ya kusingizia mvua ili wawahi nyumbani. Tabia hiyo ipo, sitabisha. Yeyote aliyetembea sana na waongozaji ameshakutana nayo.

La tatu ni la heshima, na limebebwa na yule mama peke yake. Aliponipokea nyumbani kwake aliniambia fedha hazitaki. "Mimi ni mama yake kwa umri. Hata kama nyumba inaungua, unasema mama samahani, tunyanyuke. Alinikemea kama mtoto mbele ya watoto." Aliweka jina lake kwenye orodha ya madai kwa sababu hapakuwa na orodha nyingine ya kuliweka.

Kuhukumu kwa kijiti, si kwa jua

Hoja ya ushahidi ndiyo inayobeba madai yote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inampima mwongozaji kwa jambo ambalo yeye hakuwa nalo: habari ya saa kumi na nusu. Saa nane na dakika chache alikuwa na mambo manne. Wingu lililokaa kileleni tangu tukiwa njiani. Maji yaliyopanda vidole viwili ndani ya dakika kumi bila tone la mvua mahali tulipo. Majani mabichi na povu. Na watu watano walio upande usio na njia ya kutokea. Mtu mwenye mambo manne hayo mkononi haulizwi kama mafuriko yatakuja. Anaulizwa: yakija, nitakuwa na dakika ngapi?

Na jibu katika mito ya namna hii ni chache sana. Mto wa mlimani wenye miteremko mikali haujai kama karai lililo chini ya bomba. Mvua kubwa ikipiga juu, maji hukusanyika kwenye makorongo, na yakifika kwa pamoja hushuka kwa mkupuo mmoja, yamebeba magogo na mawe. Kwenye mto wa kawaida ungewahi kusikia mngurumo. Chini ya maporomoko husikii, kwa sababu muda wote masikio yako yamejaa kelele nyingine. Ishara zinazobaki ni za macho, na ishara za macho ni ndogo: rangi, takataka, kina.

Kenya imelipia somo hili mara mbili mahali pamoja. Kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini. Septemba 2019 yakaua watu 7, akiwemo mwongozaji mwenyeji. Waliomo ndani ya korongo la namna ile hawahitaji mvua iwanyeshee wao ndipo wawe hatarini. Inatosha inyeshe huko maji yanakotoka. Korongo lile ni jembamba kuliko mto Sanje, nakubali, na kuta zake hazina pa kukimbilia. Lakini ng'ambo ya mto unaopanda pia hakuna pa kukimbilia. Hilo ndilo lililonishtua kuliko dimbwi lenyewe.

Tuseme maji yangeendelea kupanda kidogo tu, bila mkupuo wowote, bila magogo. Tuseme yangefika mapajani. Wale watano wasingezama, wangebaki kwenye mwamba wao wakisubiri yashuke. Saa kumi, saa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, na ndani ya msitu huwahi zaidi. Nguo zao zimelowa, tochi ziko kwenye mabegi upande wa pili, mtandao wa simu hakuna, mtu mmoja ana miaka 58, na mwongozaji analazimika kuchagua kati ya kuwashusha 14 na kubaki na watano. Uzoefu unaonyesha kinachofuata: kijana mmoja mwenye nguvu anasema mimi naweza kuvuka. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima juu ya mawe ya utelezi, ya mapajani yanambeba. Misiba mingi ya mtoni huanza na subira kuisha, dimbwi limeshasahauliwa.

Sasa pima gharama. Akiwatoa na mafuriko yasije, hasara ni dakika arobaini za kuoga na manung'uniko. Asipowatoa na yakaja, hasara haina kiwango. Hata kama kwa ishara kama zile mafuriko huja mara moja katika kumi, bado uamuzi ni ule ule, maana yake tisa katika kumi ataonekana mwoga, na hilo ni sehemu ya mshahara wake. Tena hakunufaika. Ujira wake wa siku ulikuwa umeshapangwa, na kwa kuwatoa mapema alikosa hata ile "ya soda" ambayo kundi lililofurahi humwachia mwongozaji. Sioni mtu anayesingizia mvua ili ajinyime.

Kuna mpingaji mmoja ninayemheshimu, mwalimu wa hesabu, aliyenibana hapa. Aliniuliza: kwa mantiki hiyo si hakuna atakayeoga kamwe? Wingu lipo kila mchana, jani bichi linaweza kudondoshwa na nyani. Ni kweli, lazima pawe na kizingiti. Mwongozaji aliponielezea chake, kilikuwa cha kawaida kabisa. Ishara moja, anaacha kuzungumza na wageni na kuanza kuutazama mto. Ishara mbili, anawatoa. Wingu halihesabu kama ishara, kwa sababu lipo kila siku. Siku ile alihesabu kina na majani. Kama kijiti kingekuwa kikavu, alisema, angetuacha hata saa nzima pamoja na majani yake.

Kesho yake alipanda na kundi jingine, asubuhi. Alikuta mstari wa majani yaliyonata kwenye mawe, juu ya alama ya kijiti kwa kiasi cha shubiri moja. Yaani baada ya sisi kuondoka mto uliendelea kupanda, ukafika hapo, ukarudi. Habari hii imetumiwa na pande zote mbili. Wanaodai wanasema: unaona, shubiri tu. Mimi nasema maji yalikuwa magotini wakati mama anavushwa na yakaongezeka kutoka pale. Lakini sitaki kuitegemea sana, kwa sababu uamuzi ungekuwa sahihi hata kama mstari huo ungekuwa chini ya kijiti.

Alipokosea

Wale saba wanalalamika kwamba aliwatoa mapema mno. Kwa maoni yangu wale watano aliwachelewesha. Saa nane mchana, mwezi Novemba, wingu likiwa juu ya Mwanihana, hakuna mtu aliyetakiwa kuvuka mto. Dimbwi lina ukingo. Ukitaka kutoka unatoka kwa hatua tatu. Ng'ambo haina njia. Kama kuna amri iliyopaswa kutolewa bila majadiliano, ni "hakuna kuvuka", na ingetolewa wakati watu bado wamevaa viatu. Nilipomwambia hivyo hakujitetea sana. Alisema waliovuka walivuka wakati yeye anatafuta pa kuchomeka kijiti, na alipogeuka akaona wameshakaa, akaona soni kuwarudisha.

Soni hiyo ndiyo ile ile iliyomfanya achuchumae kando ya Kosta kuanzia saa moja na nusu bila kusema "tukichelewa zaidi ya hapa, leo hakuna kuoga". Ni kijana wa kijijini mbele ya watu wa mjini waliolipa. Wengine wamemzidi umri, wengine wanamwita bosi kwa utani. Anajua mlima, lakini hajioni kuwa na haki ya kuwapangia wakubwa zake. Kwa hiyo ananyamaza hadi hatari inapofika, na hapo ananena kwa ukali, kwa sababu muda wa kunena kwa upole umeshapita. Ukali aliomfanyia yule mama naamini ulitokana na ukimya wa asubuhi. Kwingine nako nimeliona hili, Materuni na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wanaoongoza wageni ni vijana wa kijiji na wageni huwachukulia kama wabeba mizigo wenye maelezo.

Na kijiti hakukieleza. Angesimama dakika mbili kabla ya watu kuvua viatu, akasema, "Mnaona hiki? Maji yakikifunika tunatoka, nikipiga mluzi mara mbili hakuna maswali," basi kila mmoja majini angekuwa anakitazama. Nina hakika kuna ambao wangetoka kabla yake. Alifanya kazi ya kitaalamu kimyakimya, na watu wakaona mtu anayepiga mluzi bila sababu.

Fungu la mratibu

Mratibu hapendi sehemu hii, lakini ndiye aliyeniomba niandike. Mgogoro uliandaliwa kwenye tangazo lake. Kuoga kwenye maji ya mlimani hakuuzwi. Unauza kupanda, unauza mwongozaji, usafiri, malazi na chakula. Kuoga ni kitu ambacho mto unatoa ukipenda. Ukikiandika kwa herufi kubwa juu ya bei, umemgeuza mwongozaji kuwa mtu anayevunja ahadi yako kila anapotimiza wajibu wake. Wala hakuna mahali popote, kwenye tangazo au kwenye maelekezo, palipoandikwa kwamba neno la mwisho njiani ni la mwongozaji.

La pili ni saa. Tungeanza saa mbili kama ilivyopangwa, tungefika dimbwini kabla ya saa tano, tungeoga saa nzima na kuondoka saa sita, wingu likiwa bado linajikusanya. Kuoga kulikopotea kulipotelea kwenye chapati. Sitataja ni nani, ila kati ya wale saba wapo waliokuwa wakisubiriwa na Kosta asubuhi ile, na mratibu alijua saa zinavyokwenda akashindwa kusema tunaondoka na waliopo. Kundi la watu 19 nalo ni kubwa mno kwa mwongozaji mmoja. Ukiwa na wawili, mmoja anaangalia mto na mwingine anaangalia watu, na hakuna anayevuka wakati mtu amegeuza mgongo.

Pendekezo langu lilikuwa hivi. Fedha zisirudishwe kwa sababu ya kuoga, kwa kuwa kurudisha ni kumwambia mwongozaji ajaye kwamba tahadhari ina bei na itakatwa kwenye mfuko wa anayemwajiri. Tangazo libadilishwe. Sentensi moja iongezwe kwenye maelekezo, kuhusu nani ana neno la mwisho, na kila mtu aikubali kabla ya kulipa. Waongozaji wawe wawili kwa kundi linalozidi watu kumi. Na mama apigiwe simu, na mwenye kupiga awe mwongozaji mwenyewe, si mratibu kwa niaba yake.

Mratibu alikubali yote isipokuwa la fedha, ambalo alilikubali nusu: aliwapunguzia wale saba bei ya safari ijayo. Naona alikosea, lakini biashara ni yake. Simu ilipigwa. Mama aliniambia kijana alianza na shikamoo, akaomba radhi kwa maneno yake bila kuomba radhi kwa kumtoa mtoni, na kwamba hilo la pili ndilo lililomridhisha, kwa sababu angeomba radhi kwa yote angejua anasema tu. Jina lake ameliondoa kwenye orodha. Wawili kati ya wale saba wamejitoa kwenye kundi kabisa.

Sanje imepangwa tena mwezi Agosti, kiangazi, wakati mto umepungua na mawe yako juu. Kuanza kupanda ni saa moja kamili asubuhi, chapati zinabebwa, na atakayechelewa atasubiriwa dakika kumi.